Mafaili Yaliyofichwa Si Kirusi: Kazi Yako Inakaa Wapi Ndani ya Kompyuta

Mwanafunzi anaingia stesheneri moja ya Nyegezi, jijini Mwanza, saa mbili asubuhi, flashi mkononi, ripoti inatakiwa idarani saa nne. Kijana wa stesheneri anachomeka flashi, na kwenye kioo inatokea folda ambayo mwanafunzi hakuiweka: System Volume Information. Rangi yake imepauka kuliko folda nyingine. Hukumu inatoka palepale: "Dada, flashi yako ina kirusi, tuifomati."

Hapo hakuna kirusi. Folda hiyo huundwa na Windows yenyewe, na kwenye flashi mara nyingi ndani yake kuna mafaili mawili madogo sana, WPSettings.dat na IndexerVolumeGuid. Ukiifuta leo, kesho ukichomeka flashi kwenye mashine nyingine inarudi. Imeonekana kwa sababu kompyuta ile ya stesheneri imewekwa ionyeshe kila kitu. Kwenye laptopu yako ya nyumbani ipo vilevile, ila huioni.

Sasa vuka mji uende Makoroboi. Mwenye duka amepeleka laptopu kwa fundi kwa sababu imekuwa nzito, na fundi anasema dawa ni kupiga Windows upya. Anauliza kama kuna vitu vya kuhifadhi. Mwenye duka anataja picha na dokumenti. Vinakopiwa vilivyo kwenye Desktop, Documents na Pictures. Jioni laptopu inarudi nyepesi kama mpya, lakini hesabu za mauzo ya miaka miwili hazipo. Hakuna aliyeziiba. Zilikuwa ndani ya folda iliyofichwa ambayo si fundi wala mteja aliyekumbuka kuifungua.

Yule wa Nyegezi anaogopa kisicho na madhara, na huyu wa Makoroboi anapoteza kilicho na thamani, na chanzo ni kimoja: tumefundishwa kufungua programu, hatukufundishwa programu huweka vitu wapi. Jambo lenyewe linaeleweka, na halihitaji shahada ya kompyuta.

Nyumba ya kupanga

Faili ni kitu kimoja kilichohifadhiwa: barua, picha, wimbo, au daftari la mauzo. Folda ni mfuko wa kuwekea mafaili. Programu ni chombo cha kufanyia kazi, kama Word au Chrome. Data ya mtumiaji ni kile kilichotokana na wewe: ulichoandika, ulichopiga picha, na hata jinsi ulivyoipanga programu ikufae. Tofauti kati ya programu na data ya mtumiaji ndiyo shina la makala hii yote. Programu ikipotea unaipata tena, lakini data yako ikipotea hakuna pa kuipakua.

Chukua nyumba ya kupanga ya pale Igogo: vyumba sita na uani mmoja. Kuta, paa na mabomba ni vya mwenye nyumba. Mpangaji anavitumia kila siku, lakini haruhusiwi kutoboa ukuta bila kuomba. Kila mpangaji ana chumba chake. Ndani ya chumba kuna meza na kabati, vitu ambavyo hata mgeni anaviona. Kuna na uvungu wa kitanda, wenye masanduku, vyeti, nguo za msimu na chaja za ziada. Mgeni haoni vya uvunguni, lakini mwenyewe anajua vipo. Halafu kuna uani, mahali pa wote.

Windows imepangwa hivyohivyo. Folda ya Windows na ile ya Program Files ni kuta na paa: humo hukaa programu zenyewe, na mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika kitu. Folda ya C:\Users ndiyo safu ya vyumba, na kila akaunti ina chake. Desktop, Documents na Pictures ni meza na kabati. Uvungu wa kitanda unaitwa AppData, nao umefichwa. Uani ni C:\ProgramData, panapokaa vitu ambavyo programu inavihitaji kwa watumiaji wote wa mashine, na huo nao umefichwa.

Umefichwa, haukufungwa, na hapa ndipo wengi wanapotea. Katika Windows, faili kufichwa ni kuwekewa alama tu, inayojulikana kwa herufi h. Alama ya pili, herufi s, inasema kwamba faili ni la mfumo, na lenye zote mbili hufichwa zaidi. Kwenye Linux, Mac na Android desturi ni nyingine: jina la faili likianza na nukta, halionyeshwi. Rob Pike, mmoja wa wahandisi waliokuwa Bell Labs, amesimulia kwamba desturi hiyo ilianza kwa bahati tu. Kila folda ya Unix ilikuwa na maingizo mawili, nukta moja na nukta mbili, na aliyeandika programu ya kuorodhesha mafaili alitaka yasionekane. Badala ya kuyataja yote mawili kwa majina, akaandika kwamba chochote kinachoanza na nukta kirukwe. Waandishi wa programu wakaiona nafasi hiyo, wakaanza kuficha vitu vyao humo, na hadi leo ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo anayeficha picha zake za siri kwa kubofya "Hidden" ajue kwamba hajalinda kitu. Kwenye Windows 11 unafungua folda yoyote, unabofya "View", kisha "Show", kisha "Hidden items", na vyote viko mbele yako. Kwenye Windows 10 unabofya "View" halafu unaweka tiki kwenye "Hidden items". Ni kazi ya sekunde tano. Siri hulindwa kwa nywila na usimbaji, yaani kugeuza data isisomeke bila ufunguo, na kuficha kunazuia tu mtu asiguse kwa bahati mbaya kitu ambacho programu inakihitaji.

Sura utakazokutana nazo

Ukishawasha mwonekano huo, na hasa ukionyesha na yale ya mfumo yaliyofichwa zaidi, utakutana na majina mageni. Ni vizuri kuyajua kwa sura kabla mkono haujaenda kwenye kitufe cha kufuta.

Faili linaloanza na ~$ likifuatiwa na jina la dokumenti yako ni alama ambayo Word huiweka wakati dokumenti iko wazi, ili mtu mwingine asiihariri kwa wakati huohuo. Ukifunga Word linaondoka lenyewe. Umeme ukikatika ghafla kwenye kompyuta ya mezani linaweza kubaki, na ndiyo maana ukirudi Word inasema dokumenti inatumiwa na mtu mwingine, na mtu huyo ni wewe mwenyewe. Funga Word kabisa, futa hilo la ~$, kisha fungua tena dokumenti. Ile kazi yako haimo ndani yake.

Kwenye kitako cha diski C kuna pagefile.sys na hiberfil.sys, mara nyingi makubwa kupita picha zako zote. La kwanza ni mahali ambapo Windows inahamishia vitu RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ikibanwa, kama mama ntilie anayeazima benchi la jirani wateja wakizidi. Liache. La pili huhifadhi picha ya RAM laptopu inapolala usingizi mzito, ile "Hibernate". Kwenye Windows 10 na 11 kwa kawaida hufikia karibu asilimia 40 ya RAM, kwa hiyo laptopu ya RAM GB 8 hutoa kama GB 3.2. Mwenye diski ndogo anaweza kuliondoa kwa kufungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi na kuandika powercfg /h off. Lakini pima kwanza. Umeme ukienda na betri ikakaribia kuisha, usingizi huo mzito ndio unaookoa kazi iliyokuwa wazi kwenye laptopu. Pia kompyuta itawaka polepole kidogo, kwa sababu uwashaji wa haraka wa Windows hutumia faili hilohilo. Kwangu mimi, GB 3 si bei kubwa ya kulipia usalama huo, labda kama diski ni ile ya GB 32 iliyouzwa na laptopu ndogo.

Mafaili ya desktop.ini na Thumbs.db ni kumbukumbu za jinsi folda inavyoonekana na vijipicha vyake. Yale ya .DS_Store na yanayoanza na ._ yanatokana na kompyuta za Mac. Hayana dhara.

Kuna malalamiko ya kila siku: flashi imejaa lakini haina kitu. Sababu ya kwanza ya kukagua ni folda ya .Trashes. Ukifuta kitu kwenye flashi ukiwa kwenye Mac, hakitoki bali kinahamia humo hadi pipa la taka la Mac limwagwe. Diski ya nje kwenye Windows nayo ina pipa lake lililofichwa, $RECYCLE.BIN, kwa hiyo mtu anafuta filamu 20 na nafasi haiongezeki. Mwaga pipa diski ikiwa imechomekwa. Flashi ya kawaida kwenye Windows haina pipa hilo: ukifuta, kimekwenda.

Na kirusi chenyewe je?

Kipo, na kinatumia alama zilezile. Kile ambacho mafundi wanakiita kirusi cha shotikati hufanya hivi: kinachukua folda zako halisi kwenye flashi, kinaziwekea alama za h na s ili zisionekane, halafu kinaweka shotikati zenye majina yaleyale. Unabofya jina la folda yako ukidhani unaifungua. Folda inafunguka kweli, lakini kabla ya hapo shotikati imeshawasha kirusi, na kompyuta hiyo sasa itaambukiza flashi ya mteja anayefuata. Aina nyingine huhamishia kila kitu ndani ya folda moja ambayo jina lake ni nafasi tupu, ili usione hata pa kubofya.

Habari njema ni kwamba mafaili yako hayajafutwa. Kufomati flashi hapo ni kuchoma nyumba kwa sababu ya panya. Chomeka flashi kwenye kompyuta yenye kinga iliyosasishwa na usibofye kitu ndani yake. Angalia flashi imepewa herufi gani, tuseme E. Fungua Command Prompt na uandike:

attrib -h -s -r E:\*.* /s /d

Alama ya kutoa mbele ya h, s na r maana yake ni kuziondoa: kufichwa, kuwa la mfumo, na kuzuiwa kuandikwa. Alama ya /s inaagiza ziondolewe hadi kwenye folda za ndani, na /d inagusa folda zenyewe, si mafaili pekee. Subiri amri iishe. Folda halisi zitatokea. Kopi kazi yako mahali salama, futa shotikati zote, kisha ipitishe flashi kwenye kinga. Angalia herufi mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. Amri hii ikielekezwa kwenye diski C itavua alama mafaili ya mfumo yaliyofichwa kwa sababu nzuri, na mashine itaanza kusumbua.

Unazitofautishaje folda ya kirusi na ya mfumo? Tazama aina. Shotikati ina kimshale kidogo kwenye kona ya picha yake, na ukibofya kulia kisha "Properties" utaona njia yake inaelekea kwenye cmd.exe, wscript.exe au rundll32.exe badala ya folda. Folda ya mfumo haina kimshale wala haijifanyi jina la kazi yako.

Programu inatakiwa iweke wapi data yako

Hapa ndipo penye nyama. Vitu vinavyohifadhiwa na programu ni vya aina tatu, na kila aina ina mahali pake.

Ya kwanza ni kazi yako: barua, jedwali, picha. Hii inakwenda Documents au popote ulipochagua mwenyewe, mahali panapoonekana. Ya pili ni mipangilio na kumbukumbu ambazo programu inazihitaji ikujue: lugha uliyochagua, alamisho za kivinjari, barua pepe zilizokwisha kushushwa. Hizi zinakwenda uvunguni, AppData. Ya tatu ni kashe na vitu vya muda: vipande vya kurasa za intaneti vilivyohifadhiwa ili visishushwe tena na kula bando, au makaratasi ya kazi ambayo haijaisha. Navyo vinakaa AppData, lakini kwenye kona yake. Aina ya tatu inaweza kufutwa bila kilio. Ya pili ukiifuta, programu inarudi kama siku ya kwanza. Ya kwanza ukiifuta, umepoteza.

AppData ina vyumba vitatu. Roaming ni ya mipangilio midogo inayoweza kumfuata mtumiaji kutoka kompyuta hadi kompyuta kwenye mtandao wa ofisi. Local ni ya vitu vinavyobaki kwenye mashine hiyo, ikiwemo kashe. LocalLow ni ya programu zilizowekewa mipaka mikali, ingawa michezo mingi ya kompyuta huweka humo rekodi zake. Kufika haraka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %appdata% kwa Roaming au %localappdata% kwa Local. Ukiandika %temp% unafika kwenye vitu vya muda.

Hiyo Temp imewaliza wanafunzi wengi, na inafaa tukae nayo kidogo. Mtu anatumiwa faili la zip. Analibofya, anaona dokumenti ndani, anaibofya inafunguka, anaihariri saa tatu, anabonyeza hifadhi na kufunga. Akirudi kwenye zip, dokumenti ni ileile ya mwanzo. Kilichotokea ni kwamba Windows ilitoa nakala ya muda ikaiweka Temp, na yeye akaihariri nakala hiyo. Akiwahi, ataikuta kwa kuandika %temp% na kupanga kwa tarehe. Akichelewa, Windows imeshasafisha. Dawa ni kubofya kulia kwenye zip, "Extract All", ndipo uanze kazi. Kiambatisho cha barua pepe nacho kihifadhi Documents kwanza kabla ya kukihariri.

Duka lenye madaftari matatu

Kosa baya zaidi ni la waandishi wa programu, si la watumiaji. Liangalie kwa karibu, kwa sababu linatokea mijini kwetu ambako vijana wengi wanawaandikia wafanyabiashara programu za mauzo.

Tuseme kuna duka la jumla la dagaa na sangara Kirumba, jirani na mwalo. Lina kompyuta moja yenye akaunti mbili, ya mhudumu wa asubuhi na ya mhudumu wa jioni. Programu ya mauzo ni ya mtindo wa zamani, ya biti 32, na inaweka daftari lake la mauzo palepale ilipo yenyewe, ndani ya Program Files. Yaani mpangaji anaandika hesabu zake ukutani mwa mwenye nyumba.

Tangu Windows Vista ilipotoka, programu hairuhusiwi kuandika hapo bila mamlaka ya msimamizi. Lakini Microsoft ilijua programu nyingi za zamani zinafanya hivyo, na kuzikatalia ghafla kungezivunja. Wakaweka ujanja: programu ya namna hiyo ikijaribu kuandika ndani ya Program Files, Windows inaielekeza kimyakimya kwenye folda ya VirtualStore, iliyomo kwenye AppData\Local ya mtumiaji huyo. Programu inadhani imeandika ukutani, kumbe imeandika kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya chumba cha mpangaji mmoja.

Asubuhi mhudumu wa kwanza anaingiza kilo 340 za sangara. Zinakwenda VirtualStore yake. Jioni mwenzake anaingia kwa akaunti yake, anafungua programu ileile kwa kubofya alama ileile, na mauzo ya asubuhi hayapo. Anaanza upya, na yake yanakwenda VirtualStore yake. Tajiri anakuja kufunga hesabu. Ameambiwa na mtu kwamba programu ikisumbua aifungue kwa "Run as administrator". Akifanya hivyo ujanja wa kuelekeza unazimwa, na programu inasoma daftari halisi lililoko Program Files, ambalo halijaguswa tangu siku ya kusakinisha. Anaona sifuri. Sasa duka lina madaftari matatu, na watu wawili waaminifu wanatazamwa kama wezi.

Ukikutana na hali hiyo, usisakinishe programu upya na usifute kitu. Funga programu kwenye akaunti zote. Ingia kila akaunti, nenda %localappdata%\VirtualStore, na ukopi daftari lililomo kwenye flashi kwa jina linalosema ni la nani na la tarehe gani. Kopi na lile la Program Files. Usibandike moja juu ya jingine, kwa maana hayaungani yenyewe, la mwisho linafuta la kwanza. Kisha mwite aliyeandika programu ayaunganishe na kulihamisha daftari.

Alihamishie wapi? Kwa data inayotumiwa na akaunti zaidi ya moja, mahali pake ni ProgramData, kwenye folda yenye jina la programu. Lakini hapo pana mtego wa pili. Kwa kawaida uani pale kila mtumiaji anaweza kuunda faili, ila faili alilounda mmoja wengine wanaweza kulisoma tu, hawawezi kulibadilisha. Kwa hiyo kisakinishi chenyewe, kinapoendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi, lazima kiunde folda na kiipe kundi la watumiaji ruhusa ya kubadilisha. Mwandishi akisahau hilo, mhudumu wa asubuhi atauza vizuri na wa jioni atapata ujumbe wa kukataliwa.

Ndugu mwandishi wa programu, jaribu kazi yako kwa akaunti ya kawaida kabla ya kuipeleka dukani. Kwenye mashine yako unayoiendesha kama msimamizi kila kitu kitakubali, na hapo ndipo unapodanganyika. Usiandike njia kwa mkono, kama C:\Users\fulani\Documents. Iulize Windows folda hizo ziko wapi, kwa sababu kwenye laptopu nyingi za sasa Documents imehamishiwa ndani ya OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, na si kila mashine ina mpangilio kama wako. Kwenye Linux ni vilevile: mipangilio inakwenda ~/.config, data ~/.local/share, na kashe ~/.cache, na si kujaza nukta zako nyumbani kwa mtu. Kisha weka kitufe kinachosomeka "Tunza nakala" kinachotoa daftari lote kwenye flashi. Mwenye duka hatakiwi kujua VirtualStore ni nini ili hesabu zake ziwe salama.

Simu nayo ina uvungu

Kwenye Android kila programu ina chumba cha ndani ambacho programu nyingine haziwezi kuingia, na hata wewe hukioni kwa njia ya kawaida. Kuanzia Android 11 hata folda ya Android/data imefungwa kwa programu nyingi za kutazama mafaili, ndiyo maana maelekezo ya zamani ya "ingia Android/data" hayafanyi kazi tena kwenye simu mpya.

Kufuta akiba ya programu ni kufuta kashe, na ni salama. Kufuta data au hifadhi yake ni kumwaga chumba chote: unatoka kwenye akaunti, na chochote kisichohifadhiwa kwingine kinapotea. Wengine wanaogopa kugusa programu ya pesa wakidhani salio litafutika. Salio haliko kwenye simu, liko kwenye mitambo ya kampuni. Utaingia upya kwa namba yako ya siri na utalikuta.

Picha zikitoweka kwenye matunzio ilhali zipo kwenye folda, tafuta faili la .nomedia. Ni faili ambalo mara nyingi ni tupu, na kuwepo kwake kunaiambia simu isizionyeshe picha za folda hiyo. Na ukifuta video nafasi isiongezeke, huenda faili limebadilishwa jina tu likaanza na .trashed na litakaa pipani kwa siku 30. Mwaga pipa la matunzio.

Kabla hujamruhusu fundi apige Windows

Funga programu zote kwanza. Faili lililo wazi linaweza kukataa kukopiwa, au likakopiwa nusu. Hasa madaftari ya aina ya SQLite: pembeni yake yanaweza kuwepo mafaili mawili yenye jina lilelile yanayoishia na -wal na -shm, na mauzo ya mwisho huenda yamo kwenye lile la -wal. Kopi folda nzima, si faili moja.

Washa mwonekano wa yaliyofichwa, kisha kopi folda yako yote iliyo ndani ya C:\Users, pamoja na AppData. Nafasi ikibana, acha Temp na kashe, lakini chukua Roaming yote. Firefox na Thunderbird huweka humo alamisho na barua. Chrome iko Local, ndani ya Google\Chrome\User Data. Nywila za Chrome usizitegemee kwa njia hii, kwa sababu zimesimbwa kwa kufungwa na akaunti ya Windows uliyonayo, na kwenye Windows mpya hazitafunguka. Zihamishe ndani ya Chrome yenyewe, au hakikisha zimeoanishwa na akaunti yako ya Google, kabla ya kufomati. Kama mafaili yako yako OneDrive na yana alama ya wingu, hayapo kwenye diski. Yashushe kwanza, na bando liwepo.

Toka chumbani uende uani: kagua ProgramData, kagua folda ya programu ya duka ndani ya Program Files, na kagua folda zilizowekwa moja kwa moja kwenye diski C. Programu inayotumia XAMPP, kifurushi cha kuendesha hifadhidata kwenye kompyuta yako, huweka data yake C:\xampp\mysql\data. Hiyo usiikopi ikiwa inaendelea kufanya kazi, bali toa nakala kwa njia ya kuhamisha data (Export) ndani ya phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia hifadhidata hiyo.

Kama Windows imeshapigwa bila kufomati diski, bado kuna tumaini. Tafuta C:\Windows.old. Mara nyingi vyumba vya zamani vimo humo, kwenye Users, lakini Windows huifuta yenyewe baada ya kama siku 10. Kopi siku hiyohiyo.

Wakati wa kurudisha, usimwage AppData ya zamani juu ya mpya. Sakinisha programu moja, ifunge, rudisha folda yake, ifungue uone. Kisha nyingine.

Na nakala ikaguliwe kabla diski haijaguswa. Bofya kulia folda ya asili na ya nakala, "Properties", linganisha idadi ya mafaili. Halafu chomeka flashi kwenye kompyuta nyingine yenye programu ileile ya mauzo, lifungue daftari, usome mauzo ya jana na ya mwaka juzi. Ukiyaona yote mawili, mwambie fundi aendelee.